Hela ya ulinzi inaenda wapi hasa: niliyoongea Tabora

Mwangaluka wana Tabora! Shikamooni wazee wangu, vijana za asubuhi, kina mama asanteni kwa kufika maana najua Jumamosi ni siku ya kazi nyingi nyumbani. Nawashukuru walioandaa kikao hiki na wakaniita mimi mwalimu mstaafu nije niongee chini ya miembe hii, nimefundisha hesabu na utunzaji wa vitabu vya fedha mkoa huu miaka mingi, nyuso nyingine nazitambua hapa. Niliposema nataka kuongelea bajeti ya ulinzi kuna mtu akaniuliza, mwalimu hiyo si siri? Nikamwambia siri ipo ndiyo, idadi ya askari, aina ya silaha, zimewekwa wapi, hayo hata mimi sitaki kuyajua, lakini sehemu kubwa ya hesabu ile inasomwa bungeni Dodoma mchana kweupe kila mwaka, redioni inasikika, na sisi tunazima redio tukisikia imefika zamu ya ulinzi tunasubiri ya kilimo.

Mimi naomba msizime. Hilo ndilo limenileta.

Tuanzie nyumbani. Mirambo mnamjua, yule mtemi wa Urambo, jina lake liko mpaka kwenye kambi ya jeshi pale Milambo. Watu wakimtaja wanafikiria magobori na vita tu, lakini mwalimu wa hesabu lazima ajiulize hela alitoa wapi, maana rugaruga, wale askari wake, walikuwa wanakula kila siku na baruti haioti shambani Urambo. Mzee yule alikuwa amekaa kwenye njia ya misafara inayotoka pwani kwenda Ujiji, akawa anatoza hongo, na hongo wakati ule ilikuwa ushuru wa kupita sio hii rushwa tunayoijua leo, pembe za ndovu nazo zinauzwa, hela ndiyo ikanunua bunduki na kulisha vijana wake. Ile vita yake na Waarabu wa Unyanyembe iliyoanza 1871 ukiichimba utakuta kwa sehemu kubwa walikuwa wanagombania njia, yaani nani akusanye ushuru. Akafariki 1884 na dola likaporomoka haraka sana, kwa sababu hazina na jeshi vyote vilikuwa vimeshikwa na mtu mmoja, hamna kitabu, hamna kasma yaani mstari wa bajeti, hamna wa kurithi hesabu. Na mtemi Isike hapa hapa Unyanyembe, Januari 1893 Wajerumani wamevunja boma lake, akaona kuliko kukamatwa bora alilipue ghala la baruti afe nalo. Hilo ghala la baruti liwekeni akilini nitalirudia.

Sasa twende 1964, na hii nadhani vijana wengi hamkufundishwa kwamba inaihusu Tabora. Jeshi letu wakati ule lilikuwa Tanganyika Rifles, batalioni mbili tu, ya kwanza Dar es Salaam kambi ya Colito ambayo leo ni Lugalo, ya pili iko hapa Tabora. Tarehe 20 Januari askari wa Colito wakaasi, kesho yake wa Tabora nao wakaasi. Walikuwa wanadai nini? Mambo mawili, maofisa wa Kiingereza waondoke wawekwe Waafrika, na mshahara uongezwe, walitaka upande zaidi ya mara mbili. Nchi ina miaka miwili tu na kidogo tangu uhuru, ikayumba wiki nzima, Mwalimu Nyerere ikabidi aombe Waingereza hao hao warudi kuwanyang'anya silaha, wakatua tarehe 25, na hilo lilimuuma sana Mwalimu. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambalo tunalo mpaka leo.

Mimi kila nikiisoma habari ile naona kitu kimoja, kwamba silaha zote zilikuwepo, bunduki zilikuwa zinafanya kazi, kilichokosekana kilikuwa kwenye daftari la mishahara. Kwa hiyo mtu akiniambia bajeti ya ulinzi ni ya kununua vifaru na ndege namwambia hapana ndugu yangu, fungua kitabu.

Na kitabu kiko hivi. Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa ina mafungu matatu, Fungu 57 ni wizara yenyewe, Fungu 38 ni Ngome, hapo ndipo lilipo jeshi lenyewe, na Fungu 39 ni JKT. Fungu kubwa kuliko yote ni la Ngome. Kila fungu linagawanyika tena, matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Kawaida ni mishahara, posho, chakula cha askari, mafuta, umeme, maji, sare, dawa, matengenezo. Maendeleo ni majengo, mitambo, vifaa vipya, miradi. Na sehemu kubwa ya hela ya wizara ile iko kwenye kawaida, jamani iko kwenye kawaida, ni chakula na mishahara na dizeli. Mwaka wa fedha 2024/25 bajeti nzima ya serikali ilikuwa shilingi trilioni 49.35 na ulinzi ukachukua zaidi ya trilioni 3, yaani katika kila shilingi 100 ya serikali zaidi ya 6 inaingia kule. Ukilinganisha na pato la taifa tunazunguka asilimia 1 na kitu, wakati nchi za NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, zilikubaliana 2014 kwamba kila mmoja ajitahidi kufika asilimia 2, na 2025 wakakutana The Hague wakasema wafike 5 ikifika 2035. Kwa hiyo sisi hatujazidisha, ila na sisi ni nchi ambayo shule bado zina upungufu wa madawati, hiyo 6 kwa 100 ni hela ya watu, lazima iulizwe imefanya nini.

Hesabu ya ulinzi popote duniani ina vyungu vitatu vinavyogombania moto mmoja. Kuna cha watu, kuna cha uendeshaji, kuna cha kununua vitu vipya. Ukiongeza kuni huku unapunguza kule, na makosa yote makubwa niliyowahi kuyasoma yametokana na kusahau chungu kimoja.

Chukua Afrika Kusini. 1999 walisaini manunuzi makubwa sana ya silaha, manowari, nyambizi tatu, ndege za kivita, kati ya hizo Gripen 26, ndege nzuri kabisa za kisasa. Lakini kadiri miaka ilivyoenda mishahara ikakua mpaka ikawa inakula zaidi ya asilimia 60 ya bajeti ya jeshi, matengenezo yakabaki na makombo, na kuanzia Septemba 2021 zile Gripen zikakaa chini karibu mwaka mzima haziruki kwa sababu mkataba wa matengenezo ulikuwa umeisha na mpya haujasainiwa. Mwaka mzima! Ndege ipo, rubani yupo, analipwa kila mwezi, hamna sevisi. Ni kama kijana hapa amekopeshwa pikipiki mpya akasahau kwamba pikipiki inakula mafuta na inabadilisha tairi, mwezi wa pili iko ukutani imefunikwa turubai na mkopo unadaiwa pale pale.

India nao wana lao. Bajeti yao ya ulinzi ya 2024-25 ilikuwa rupia laki 6.21 za krore, na krore moja ni milioni kumi, kati ya hizo laki 1.41 za krore ni pensheni tu, yaani zaidi ya tano moja ya hela yote inaenda kwa waliokwisha kustaafu. Silaumu, mtu amelinda nchi ujana wake wote anastahili kula uzeeni, ila nataka mwone kwamba ukiajiri askari mmoja leo umejifunga miaka sitini mbele, na hiyo hesabu lazima ifanywe siku unamwajiri sio siku anastaafu.

Hapa naomba niwaambie la kwangu. Baba yangu alikuwa dereva wa lori jeshini. Oktoba 1978 Idi Amin alipoingia Kagera baba alipita hapa hapa stesheni ya Tabora na treni ya kwenda Mwanza, mama alinishika mkono kwenda kumuaga hakumpata maana treni haikusimama sana. Vita ile jeshi lilitanuka ghafla, ukijumlisha na mgambo wakawa zaidi ya 100,000, malori ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba askari kwa sababu ya jeshi hayakutosha, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Gharama inakadiriwa kama dola milioni 500, kwa nchi kama yetu wakati ule, na bei za mafuta ndiyo zinapanda, na OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, haikutulipia. Wazee hapa mnakumbuka miaka iliyofuata, foleni ya sabuni, foleni ya sukari, nguo hamna. Mwalimu Nyerere alisema tufunge mikanda miezi 18, mikanda ilifungwa miaka mingi zaidi ya hiyo. Mimi nasema vita ile ilikuwa ya haki na ningeiunga mkono tena kesho, ila bili yake tuliilipa jikoni.

Baba alikuwa ananihadithia vita, na cha ajabu risasi alikuwa hazitaji sana. Alikuwa anataja matairi, anataja springi za lori, anataja siku tatu wamekaa porini wanasubiri feni belti. Alikuwa anasema mwanangu jeshi linatembea kwa spea. Akastaafu salama, na kiinua mgongo chake akakifuatilia miaka mitatu, ofisi moja sitaitaja, kila akienda faili halionekani, rudi wiki ijayo, leta picha nyingine, leta barua ya kikosi. Alikuwa anavaa shati lake jeupe kila akienda, anarudi jioni kimya anakaa kwenye kigoda. Hela ilipotoka alikuwa ameshaanza kuumwa. Ndiyo maana naisoma ile mistari ya stahiki za wastaafu kabla ya mistari mingine yote, nawaomba radhi kama sauti imebadilika kidogo.

Turudi kwenye ghala la baruti. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la kambi ya Mbagala Dar es Salaam lililipuka, zaidi ya watu 20 wakafa, nyumba zikabomoka mitaa na mitaa. Tukasema haitatokea tena. Tarehe 16 Februari 2011 ikatokea Gongo la Mboto, tena wakafa zaidi ya 20, watoto walikimbia usiku wengine wakaokotwa mbali kabisa na kwao. Sasa kwenye bajeti ghala halimvutii mtu. Kutengeneza ghala lenye hewa, kukagua mabomu yaliyopitwa na muda, kuyateketeza sehemu salama, kuhamisha silaha mbali na makazi ya watu, hayo hayaonyeshwi kwenye gwaride uwanjani, hakuna mgeni wa heshima wa kukata utepe wa kuteketeza bomu la zamani. Lakini mistari hiyo ikipunguzwa anayelipa ni mama wa Mbagala aliyekuwa anapika. Nikisikia mbunge anauliza maghala nampigia makofi niko peke yangu sebuleni.

Na ya manunuzi je? Hapo ndipo siri inapotumika vibaya, na sisi Watanzania tumeshafundishwa kwa gharama. Mnakumbuka rada. Mwaka 2001 tulinunua rada ya Uingereza kutoka kampuni ya silaha ya BAE kwa pauni milioni 28, hata serikalini kwao Uingereza waziri wa misaada Clare Short alipinga, wataalamu wakasema ni ghali na haitufai kwa mahitaji yetu. Miaka ikapita, Waingereza wakachunguza, Desemba 2010 kampuni ikakiri mahakamani kwamba haikutunza kumbukumbu za mahesabu sawasawa, ikapigwa faini ya pauni laki tano, na ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania. Ndiyo ile tuliita chenji ya rada, ikanunua vitabu vya shule za msingi na madawati. Mimi nilishika kitabu kimojawapo kwa mikono yangu. Nikawa najiuliza, kwa hiyo hela hii ilikuwa inaweza kuwa vitabu tangu mwanzo, na kilichoigundua ni uchunguzi wa nchi nyingine. Usiri wa silaha naukubali. Usiri wa bei siukubali, adui hapati chochote akijua tuliuziwa kwa bei gani, anayepata kwenye usiri wa bei ni dalali.

Mtaniuliza sasa nani anauliza hayo. Utaratibu upo, Hazina inatoa mwongozo na ukomo, yaani kila wizara inaambiwa usizidi hapa, wizara inapanga, kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama inakaa nayo ndani wanachambua, halafu inasomwa bungeni kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai mosi. Mbunge asiporidhika anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka ajibiwe. Mahesabu yakishafungwa CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anakagua, na jeshi nalo anakagua. Lakini kuna kitu nawaomba sana mkiangalie na watu wengi wanakiruka, kupitishiwa hela na kupewa hela ni vitu viwili. Bunge linaweza kupitisha bilioni kadhaa za fidia ya ardhi kwa wananchi waliopisha kambi, mwaka unaisha Hazina imetoa nusu au imetoa kidogo kuliko hapo, mwanakijiji hawezi kujenga hawezi kulima hajalipwa. Hotuba ya waziri ina sehemu mwanzoni inayosema fedha iliyoidhinishwa na fedha iliyopokelewa mpaka mwezi fulani. Iko pale pale, mistari michache. Vijana wenye simu kubwa hotuba mnaipakua dakika moja, nendeni moja kwa moja kwenye mistari hiyo, angalieni mishahara imefika kiasi gani na maendeleo imefika kiasi gani, mtaona mishahara huwa inafika maana 1964 haijasahaulika, kinachobaki nyuma ni majengo na fidia.

Na JKT msiisahau, maana sisi huku magharibi tumezungukwa nayo, Msange hapa kwetu, ukienda Kigoma kuna Bulombora, kuna Mtabila Kasulu, kuna Kanembwa. Ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, mafunzo ya mujibu wa sheria, yaani yale ya lazima, yakasimama 1994 yakarudi 2013, na yaliposimama sababu kubwa ilikuwa hela. Sasa hivi kila mwaka maelfu ya wazazi wanaona mtoto wao kamaliza kidato cha sita kaitwa, na kila kijana anayeitwa ni godoro, ni buti, ni ugali mara mbili kwa siku, zidisha. Idadi ya watakaoitwa inaamuliwa na Fungu 39 hata kama tunaiita ni uzalendo.

Kigoma nayo ina sababu yake. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, ng'ambo ni Kongo, Burundi iko pembeni, wakimbizi tumewapokea miaka na miaka, Nyarugusu tu iko tangu 1996. Ukitaka amani ya wavuvi kule lazima boti ya doria itembee, na boti inakunywa mafuta kila saa iko majini iwe imekamata mtu au haijakamata. Vijana wetu pia wamevuka wakaenda kulinda Kongo yenyewe, Desemba 7, 2017 kule Semuliki tulipoteza vijana zaidi ya kumi, Mungu awarehemu. Umoja wa Mataifa unairudishia serikali zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi kwa kila askari anayepelekwa, na kitu juu yake kwa vifaa, lakini hulipa kwa kuchelewa, kwa hiyo lazima nchi itangulize yenyewe. Hela ile inayorudi inaingia wapi na askari aliyekuwa porini anapata kiasi gani, hilo ni swali halali kabisa la mbunge wa Kigoma na wa Tabora, halina siri ya vita ndani yake.

Mimi nisingeongeza hata shilingi kwenye chungu cha kununua vipya kabla sijaona maghala yamekamilika, nyumba za askari hazivuji, wastaafu wanalipwa ndani ya miezi na fidia za vijiji zimemalizwa. Huo ni msimamo wangu, wapo watakaosema dunia imechafuka, mwaka 2024 peke yake dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwenye majeshi kwa hesabu za SIPRI, taasisi ya Sweden inayofuatilia matumizi ya majeshi, Marekani peke yake 997, kwamba na sisi tusibaki nyuma. Nawasikia. Droni zimebadilisha vita hilo kweli, na huenda kifaa kidogo cha bei nafuu kikafaa kuliko kifaru. Lakini hata droni inataka fundi, betri, na mahali pa kuiweka pasipovuja, tunarudi kule kule.

Hotuba ya wizara kwa kawaida inasomwa Mei. Mwaka huu tumekubaliana na wanafunzi wangu wa zamani wawili tatu kwamba siku ile tutakaa pamoja tuisikilize yote, na daftari, tunaandika iliyoidhinishwa upande huu na iliyopokelewa upande huu, halafu tunampelekea mbunge wetu maswali matatu yaliyoandikwa vizuri. Anayetaka kujiunga aje na kalamu. Naona mzee wangu pale chini ya mwembe wa pili umenyoosha mkono muda mrefu na mimi naongea tu, karibu baba, uliza.